Bima Niliyokuapia

Songea

Kwako dada yangu Mwajuma,

Shikamoo dada, na asalaam aleikum. Goti lako linaendeleaje? Na mama, bado anagombana na kuku wa jirani hapo Kanyenye? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Useremala unakwenda, ila mvua zinanichelewesha kukausha mbao.

Dada, jambo hili ningeweza kukupigia simu. Nimeogopa kukusikia ukinyamaza.

Unakumbuka nilipokuja na gari langu tukaenda arusini Lusu. Tangu shemeji, Mungu amrehemu, alipogongwa Igunga na lori lisilo na bima, ukabaki na watoto bila hata pole ya mwenye lori, hupandi gari bila kuuliza. Ukaniuliza mlangoni, "Bima iko hai?" Nikasema, "Wallahi ipo." Mwanao Zuhura alikuwa anasita na mimba yake. Ukamwambia, "Panda, mjomba wako haapi ovyo."

Haikuwepo, dada. Ilikwisha mwezi mzima kabla, na fedha yake nilinunulia matairi, nikajiambia nitakata nikirudi. Njia nzima mliimba huko nyuma, mimi nimeshika usukani kama mwizi. Na niliporudi salama, nikazembea tena.

Wiki iliyopita ndipo nikatoka kuitafuta. Wakala wa kwanza, mama mmoja mcheshi, aliingiza namba ya gari kwenye simu yake, akanitazama. "Baba, gari lako limetembea uchi miezi minne." Nilitaka bima kubwa, ile inayolipa hadi gari lako mwenyewe. Akasema ikishakatika hivyo, lazima gari likaguliwe kwanza, nije kesho.

Nikaona ananizungusha, nikavuka barabara kwa wakala mwingine. Huyo wala hakutaka kuliona gari. "Mzee, nikuandikie karatasi ya tarehe ya nyuma? Mtandaoni haitaonekana, ila ukitaka kumwonyesha mtu, unayo."

Sikuwaza trafiki. Nilikuwaza wewe. Kwa karatasi ile, kiapo changu kingeonekana kweli. Nikakubali. Akashika kalamu, "Ianze lini?" Nikataja siku moja kabla ya arusi, na kuitaja tu nikajisikia kama naapa mara ya pili. Nikainuka, nikatoka.

Kesho yake nilirudi kwa yule mama. Akalizunguka gari, akapiga picha hadi matairi. "Haya, sasa limevaa."

Sheikh wetu amenieleza kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi. Nimewalisha Ijumaa. Lakini akasema haki yako wewe haimo kwenye sufuria lile, nikuombe mwenyewe. Nisamehe, dada. Zuhura nitampigia mimi nimwambie, usinibebee mzigo huo.

Mwambie mama mbao za kitanda chake zinakauka. Msalimie shangazi, na mjukuu wangu, huyo mtoto wa Zuhura aliyesafiri nasi bila kuulizwa.

Humu ndani nimekuwekea nakala ya bima. Soma tarehe ya kuanza. Ni ya Jumatano iliyopita. Sikuisogeza hata siku moja.

Mdogo wako,
Rajabu