Viazi vya Mama na Kabichi ya Jana

Marahaba, mjukuu wangu Zawadi, na usicheke. Babu yako ni kaka yangu, basi mimi ni bibi yako hata nikivaa sare ya shule. Huku kwetu Buzebazeba sote tu wazima.

Umeuliza nani alinifundisha kupika viazi vya Kiingereza, vile vya kuponda na kabichi ya jana, kisha kukaanga. Marehemu mama alivijulia kwa Wazungu wa misheni. Baada ya mazishi yake baba alikataa chakula, nikavijaribu. Kikaango kikalia, nikashika mwiko nigeuze. Hili sijamwambia mtu: sauti ya mama ikasema nyuma yangu, "Acha kwanza, mwanangu. Kikinyamaza ndipo ugeuze."

Sikuthubutu kutazama. Nikangoja, vikatoka vizima.

Baba akala, macho mlangoni mwa jikoni, akasema, "Mwambie naye aje ale."

Bibi yako, Neema