Jumamosi Umpigie Bibi

Kambi ya Mto Mkavu,
Alice Springs,
9 Agosti 2019

Mpendwa Leonie mwanangu,

Hujambo, mama? Baridi ya huko Hobart imekuachia, au bado unakohoa? Sisi huku wazima. Goti linanisumbua asubuhi, lakini ulimi wangu, kama unavyoujua, hauna ugonjwa.

Nina habari ya baba yako. Tangu tumzike, mwaka wa tatu sasa, kwa desturi yetu ya kutomtaja marehemu, jina lake halijatajwa humu ndani, na filamu zake zote zimo sandukuni chini ya kitanda cha bibi yako. Basi Jumanne tunakunywa chai, bibi akaweka kikombe chini akasema, "Alwyn kapumzika vya kutosha. Mtoeni." Kulisikia jina la kaka yangu kulinitoa machozi. Kwa hiyo hata wewe sasa litaje, na sura yake itazame, usiogope.

Watu wa runinga walikuwa wakingoja ruhusa yetu. Jumamosi ya tarehe 24, saa moja jioni, wataonyesha ile filamu yake ya mfuata nyayo wa polisi.

Miaka arobaini kaka yangu aliigiza watu wa pembeni: mfuata nyayo, mwizi wa ng'ombe, mlevi. Mara moja tu walimpa uhakimu, akarudi hapa akitembea kihakimu mwezi mzima! Katika nyingine zote alikuwa akiuawa. Na kila alipouawa kwenye runinga, alimpigia mama yake papo hapo: "Mama, ni mimi. Nipo, nakula." Naye mama humjibu, "We Alwyn, leo umekufa vibaya! Umeanguka kama gunia." Hapo ndipo mama alipopata usingizi.

Jana nimemkuta bibi yako amekaa na simu mapajani. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Ruhusa nimeitoa mwenyewe. Lakini watampiga risasi, Dulcie, halafu nani atanipigia?" Nikamkumbatia.

Leonie, sitaki zawadi wala sweta. Jumamosi tazama na wewe huko. Baba yako akishaanguka kutoka kwenye farasi, usikae kulia, piga. Mwambie, "Bibi, ni mimi. Nipo, nakula." Na uwe unakula kweli, maana lazima atakuuliza unakula nini.

Nisalimie mumeo Terrence na mkweo Bi. Noreen. Mungu akukinge na baridi hiyo, akurudishe kwetu mzima.

Wako akupendaye tangu hujaota meno,
Shangazi Dulcie

N.B. Simu ya bibi nitaichaji mwenyewe.