Kamba ya Kushukia Shimoni

Baba Lanying,

Sisi wazima, ila ukame umekausha maharage. Juzi kaka yako alitaka kushuka shimo jipya la mlimani kutafuta maji. Jiwe alilodondosha humo lilichukua muda mara mbili ya lile la shimo la zamani kufika chini, naye akaleta kamba ndefu mara mbili ya ile ya zamani. Binti yetu akamzuia.

"Baba mkubwa, jiwe likianguka huzidi kukimbia. Kina ni karibu mara nne!"

"Unapima shimo kwa kalamu, wewe?"

"Afadhali kalamu, kuliko uning'inie hewani kama nyama ya kukaushwa moshini."

Wakaunga kamba nyingine. Ikafika chini, na maji yapo! Natembea kifua mbele.

Ulisema Lanying aje kiwandani huko Shenzhen baada ya sikukuu. Haji. Anarudi shule.

Mama yake,
Shufen