Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Jumamosi, 13 Desemba 2025

Sijamwambia mtu. Nakuandikia wewe tu, daftari: niliona tope, nikanyamaza.

Tulikwenda Babati mimi na Baba kununua gari. Alinichukua mimi kwa sababu nimemaliza Form Four, eti nina macho ya shule. Muuzaji anaitwa Wolfgang, mnene, ana simu tatu. Magari yake yamepangwa nyuma ya gereji. Baba aliyapita yote, akasimama kwenye lile. Dogo! Rangi ya maziwa, paa jeupe. Taa za mbele za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Usukani mwembamba, na dashibodi kama redio ya mbao aliyoacha babu. Wolfgang akasema Wajapani walilitengeneza hivyo makusudi, lifanane na la zamani, ila ni la juzi tu. Lilikuwa la mama mmoja wa Arusha, alikuwa anakwenda nalo kanisani.

Baba akasema, "Efrazia, ingia ukague."

Nikaingia nyuma. Sijui kukagua gari. Nikavuta mkanda wa kiti, maana ndicho kitu pekee nilichokijua. Nikavuta mpaka mwisho. Nusu ilikuwa nyeusi safi. Nusu nyingine kahawia, ngumu kama daftari lililolowa likakauka, na katikati mstari umenyooka kama umepigwa na rula. Nikanusa.

Harufu hiyo naijua. Nilikuwa Form Two tope liliposhuka kutoka mlimani likaingia Katesh. Tulikwenda kwa shangazi kulisomba, siku tisa, ndoo kwa ndoo.

Nikauachia mkanda. Ukajirudisha wenyewe ndani, haraka, kama ulimi.

"Vipi mdogo wangu, umeona kasoro?" Wolfgang akauliza. Palikuwa na wanaume kama sita, wote wakanigeukia. Mmoja akacheka, "Injinia huyo!" Uso wangu ukawaka.

Nikasema, "Hamna kitu."

Miaka minne darasani sikunyoosha mkono hata siku moja. Lakini nisijidanganye — si aibu peke yake. Nililipenda. Nilijiona nimekaa mbele, dirisha wazi, na wenzangu wa shule wamesimama pembeni ya barabara.

Hela yenyewe ni ya maksai wetu wanne, ambao Baba alishawauza kwa jirani yetu Mzee Isidori, na ya mbaazi. Ya mbaazi ilikuwa ya chuo changu cha unesi. Baba anasema gari litabeba abiria kutoka hapa Nangwa mpaka Katesh, na ikifika Septemba ada imerudi, na maksai wamerudi.

Nilikaa mbele njia nzima. Sikufungua dirisha.

Jumapili, 14 Desemba

Kigangoni Baba alilisimamisha karibu kabisa na kengele. Watoto wakalizunguka. "Chura! Chura!" Tayari lina jina.

Mama alivaa kitenge kipya ila hakutabasamu. Jana alilizunguka mara mbili, mikono kiunoni. "Yaani watu wenye akili zao wanakaa chini, wanatengeneza kitu kipya kifanane na kikuukuu? Si wangekuja kuchukua baiskeli yako, Herman?" Baba akaendelea kufuta kioo kwa shati lake.

Bibi Verdiana, mama yake Baba, amekataa kupanda. Alitembea na fimbo yake kwenda kanisani na kurudi. Nilimfuata nyuma nikamuuliza kwa nini.

"Linanuka udongo," akasema. Kisha akasimama. "Mwenyewe yuko wapi?"

Nikasema Arusha.

Bibi bado anashika mambo ya zamani. Kwake kitu cha nyumba iliyofiwa hakiingii kwa watu wengine hivi hivi, mpaka muda wake upite na ijulikane kimetoka kwa nani. Akanigeukia. "Nyie mmesoma. Mliuliza jina lake?"

Hatukuuliza.

Alhamisi, 18 Desemba

Mvua siku tatu. Abiria: watatu wiki nzima, na mmoja ni shangazi. Gari liko chini sana, linakwangua tumbo kwenye kila jiwe. Bodaboda wanalipita wanapiga honi.

Joto likiingia, harufu inaamka. Baba amening'iniza kitu cha marashi kwenye kioo. Sasa linanuka tope na marashi. Wiper zinaanza zenyewe jua likiwaka. Taa moja ya ndani haizimi mpaka uipige ngumi.

Kila mtu analima. Shamba letu ni majani matupu. Asubuhi Mzee Isidori alipita na maksai wetu — Bosi, Kipara, Mweupe na Dodoma. Maksai wake sasa. Alisimama kwenye ua.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Baba yuko?" Baba akatoka. Mzee Isidori akaliangalia gari, akaliangalia shamba. "Herman, lifunge plau basi! Hilo lina macho, litaona matuta."

Baba alicheka. Kicheko kile sikukipenda. Dodoma alinyoosha shingo kunilamba mkono, nikaurudisha nyuma. Sijui kwa nini.

Jumatano, 24 Desemba

Leo ni aibu ambayo sitaisahau.

Tulikwenda Hirbadaw kumchukua mgonjwa, abiria wa kweli, mwenye hela yake. Tukirudi naye, gari likazimika katikati ya korongo. Maji hayakuwa hata ya magoti. Likazima kila kitu mara moja, taa, redio, wiper, kama mtu aliyekata kauli. Mgonjwa akachukuliwa na bodaboda, amekaa katikati ya watu wawili, blanketi kichwani. Baba akaniachia gari, akaenda kutafuta msaada kwa miguu.

Akarudi jioni na Mzee Isidori. Na maksai.

Wakafunga mnyororo. Mzee Isidori akapiga mluzi — hawakusogea. Akachapa — hawakusogea. Ndipo Baba, bila kufikiri, akaita, "Bosi! Haya, Bosi!" Na wote wanne wakavuta. Gari likatoka kwenye maji kama jino.

Mzee Isidori akakunja kiboko chake. Hakutania. Nilitamani atanie. Akasema tu, "Wanakujua bado."

Baba alitembea mbele yao mpaka nyumbani, mkono wake kwenye pembe ya Bosi. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika usukani mwembamba. Watu walitoka kwenye nyumba zao kuangalia. Ile picha yangu ya wenzangu wamesimama barabarani, nimeipata kamili.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Tumekwenda kigangoni kwa miguu wote. Bibi alitangulia.

Jumatatu, 29 Desemba

Gari lilivutwa mpaka Katesh kwa fundi Lameck. Alinyanyua zulia, akakwangua kwa bisibisi, akaninyooshea kiganja. Vumbi la kijivu. Akavuta waya, zimeota kutu ya kijani.

"Mzee wangu, hili lililala chini ya tope. Hawa wamelichimbua, wamelipiga rangi. Nimeyafukua mengi, nayajua."

Baba akauliza kama mtu wa kawaida angeweza kugundua. Lameck akasema, "Kirahisi tu. Vuta mkanda mpaka mwisho." Akafungua mlango wa nyuma, akauvuta. Mstari wangu huo hapo.

Baba akaniangalia. Si kwa hasira. Ningeona afadhali angekuwa na hasira.

"Ulikagua wewe," akasema, polepole.

Nikaangalia viatu vyangu. Baba akageuka, akampigia Wolfgang. Namba haipatikani. Zote tatu.

Lameck akaingia chini ya gari. Mabomba ya breki yameoza kwa ndani, anasema. Ameyaziba. "Leo yanashika. Siku moja utakanyaga kwenye mteremko, mguu utafika chini na gari litaendelea. Usibebe watu." Kubadilisha yote ni karibu ng'ombe mmoja tena. Hatuna ng'ombe.

Ijumaa, 2 Januari 2026

Baba anapaka rangi nyeusi chini ya gari, amelala kwenye gunia. Ameosha viti kwa sabuni ya unga. Waya zimebadilishwa, zile zinazoonekana. Linawaka sasa. Linang'aa kuliko siku ile ya Babati.

Mama aliuliza, "Umepata mjinga mwenzako?"

"Nimepata mnunuzi."

"Utamwambia?"

Baba akaweka brashi chini. "Mimi niliambiwa?"

Mama akaingia ndani. Alipika bila kuongea na mtu, sufuria zikaongea kwa niaba yake.

Baadaye Baba alikuja nilipokuwa napembua maharage. Akachuchumaa. Baba hachuchumai kwangu. Akasema, "Sikulaumu. Wewe ni mtoto." Kisha, "Hela yako ya chuo imekaa ndani ya lile gari. Likitoka hapa, na yenyewe inatoka. Hatumdanganyi mtu, Efrazia. Tukiulizwa injini, tunasema injini. Hatuanzi sisi."

Maneno hayo nayajua. Ndivyo nilivyofanya Babati.

Jumanne, 6 Januari

Mnunuzi ni Nesi Kissa!

Nesi Kissa wa zahanati, aliyeletwa hapa kutoka Mbeya. Ndiye aliyenishikisha kipimo cha pressure nikiwa Form Three, akaniambia, "Una mikono iliyotulia, wewe utakuwa nesi." Alinipa vitabu vyake vya biolojia, bure. Amekuja na Fausta, mtoto wake wa miaka minne. Hawana mtu mwingine huku. Gari analitaka kwa ajili ya kliniki za chanjo vijijini, amechoka kubeba mtoto na sanduku la dawa kwenye bodaboda.

Alipoliona alishika mdomo. "Jamani, lina sura! Fausta, ona, linakuangalia!"

Baba akawasha. Likawaka mara moja, lione! Akaeleza injini. Kweli injini ni nzima. Nesi akalizungusha hapa kwenye uwanja wa shule, tambarare, likashika breki vizuri.

Kisha akanijia mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama.

"Efrazia, wewe huna maneno mengi, ndiyo maana nakuuliza wewe. Mmekaa nalo mwezi. Likoje?"

Baba alikuwa anafuta kioo ambacho kilikuwa kimeshafutwa. Mama aliangalia chini. Bibi alikuwa mlangoni kwenye kigoda, akaacha kutafuna.

Nikasema, "Ni zuri, Nesi."

"Basi limekwisha!" Akacheka, akanikumbatia. Ananuka dettol.

Bibi akaniita baada ya wageni kuondoka. Nilidhani atanigombeza. Akasema tu, "Leo hata hukuulizwa mbele ya wanaume." Kumbe Baba alimsimulia ya Babati.

Alhamisi, 8 Januari

Ni mchana. Nimekaa ghalani kwenye magunia matupu.

Nesi Kissa alikuja saa nne na hela taslimu. Baba alihesabu mara moja tu, akampa funguo na kadi ya gari. Akanipa mimi bahasha yangu hapo hapo, mbele ya watu. "Ya chuo," akasema kwa sauti, ili Nesi asikie. Nesi akapiga makofi. "Tutafanya kazi wote, mdogo wangu!"

Kisha akasema, "Nisaidie kumfunga Fausta mkanda, mimi nirekebishe kiti." Kwa hiyo niliingia nyuma, mahali pale pale.

Fausta ni mtundu. Alinipokonya mkanda akauvuta yeye, akicheka, akauvuta mpaka mwisho. Mstari ukatoka. Baba alifua viti, hakufua mkanda! Au aliufua haukutoka. Fausta akaugusa kwa kidole.

"Dada, hii nini?"

Nesi alikuwa mbele, anahangaika na kiti. Alikuwa mbali nami kama urefu wa mkono. Kinywa changu kilifunguka, naapa kilifunguka.

"Uchafu tu," nikasema. Nikaurudisha nusu, nikamfunga. Nusu safi ikamkaa kifuani. Nusu nyingine ikaingia ndani.

Nesi akashusha kioo. Anashukuru. Anasema kesho asubuhi wanakwenda Hirbadaw, kliniki ya chanjo, yeye na Fausta. Njia ya Hirbadaw ina mteremko mrefu wa kushuka korongoni. Korongo lile lile. Baba alisikia. Nilimwona amesikia. Akasema, "Nendeni salama, Nesi."

Watoto walikimbia nyuma, "Chura! Chura!" Nesi akawapigia honi.

Sasa Baba amekwenda kwa Mzee Isidori kuulizia kama atamrudishia maksai wawili. Amevaa shati la kanisani. Mama analala, au anajifanya. Bahasha iko hapa, chini ya paja langu. Nene. Sijaifungua.

Mvua imeanza kwenye bati. Kwenye simu nimeandika: *Shikamoo Nesi. Usiende na gari kesho. Breki zimeoza, fundi Lameck anajua. Vuta mkanda wa nyuma mpaka mwisho utaona. Nilijua.* Nimefuta "Nilijua". Nimelirudisha. Network ni kidude kimoja, kinakuja kinapotea. Nikituma, Baba atarudisha hela na jina lake litaishia hapo, na chuo changu kitakwenda nalo. Nasikia fimbo ya Bibi inakuja uani, pole pole, kwenye mvua.

Kidude kimerudi. Kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma.

Daftari, wewe ndiye pekee unayejua. Usimwambie mtu kwamba nilikaa hapa muda wote huu nikiwa bado sijabonyeza.