Kuniacha Ili Kodi Ipungue

Jumamosi, Novemba. Upplands Väsby, kaskazini mwa Stockholm. Mvua yenye theluji tangu asubuhi, nami nina hasira ambayo hata chai ya tangawizi haijaituliza.

Najua baadhi yenu wa kanisani mnasoma hapa. Someni tu.

Mume wangu, Baba Wanja, ameendesha basi mji huu miaka ishirini na sita, na sasa amestaafu. Mwezi wa kwanza anarudi Nakuru kukaa. Mimi nimebakiza miaka minne ya kazi kwenye makao ya wazee kule Spånga, kisha nimfuate. Ndivyo tulivyokubaliana.

Shida ni kodi. Mstaafu akihama Sweden moja kwa moja, pensheni yake inaweza kukatwa kodi ya wasio wakazi, ambayo kwake ingekuwa nafuu. Lakini akiacha mke hapa, ofisi ya kodi inaweza kusema bado ni mkazi, na akatwe kama sisi wote. Nyumba tayari iko kwa jina langu. Kilichobaki kumfunga ni mimi.

Leo tukinywa chai akasukuma karatasi karibu na kikombe changu, na kalamu juu yake.

"Weka sahihi hapo chini, Mama Wanja."

Ilikuwa barua ya kusema tumetengana.

"Ni karatasi tu," akasema. "Mimi na wewe tunajua ukweli."

Nikiri: kalamu niliishika. Nimeona jinsi alivyoitolea jasho pensheni hiyo, na makato yake yananiuma hata mimi. Nilikaribia kabisa kutia sahihi. Ndipo nikaona tarehe.

Ameandika kwamba tuliachana wiki ya Pasaka.

Wiki ya Pasaka alikuwa ametoka hospitalini, amebadilishwa nyonga. Nilichukua likizo nikamwogesha, nikamvalisha soksi, nikamshika mkono kwenda chooni. Alilia kwa maumivu kama mtoto, na hakuna mtu niliyemwambia mpaka leo.

"Kwa nini Pasaka?" nikamuuliza.

Akaitazama karatasi kama mtu aliyeulizwa bei ya viazi. "Nilichukua tarehe yoyote."

Tarehe yoyote!

Nikampigia binti yetu, Wanja, anayeishi Tumba. Nikamweleza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake: huo ni udanganyifu kwa serikali, mama, usithubutu. Sawa, yuko sahihi. Lakini kilichoniuma mimi si serikali. Serikali sijawahi kuiogesha.

Nikaichana barua, vipande nikaviweka kwenye sahani yake, juu ya mabaki ya mayai. Akaniita mchoyo. Akasema nataka afe maskini. Nikamjibu kwa sauti ambayo majirani lazima waliisikia: "Ukitaka kuniacha, niache kweli. Nenda mahakamani, ukaseme mbele yangu."

Akavaa koti, akatoka. Sasa ni saa kumi jioni, giza la Novemba la huku limeshaingia, na hajarudi.

Najiuliza kama ni kiburi changu tu. Huenda. Miaka minne ya makato si mchezo, na uzee ni wetu sote wawili. Hata hivyo mkono wangu hautaandika kwamba wiki ile sikuwa mke wake.

Alipe kodi kama mtu mwenye mke.

Kama bado ana mke, atajua atakapofungua mlango. Nami nitajua kama bado nina mume nikimwona uso.