Gurudumu Linalokaza Kushoto

Alhamisi, usiku. Mvua imenyesha toka alfajiri, Kariakoo nzima ni tope. Mikono yangu inanuka mafuta ya taa na sina raha hata kidogo.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja najiuliza anataka nini. Marehemu mke wangu alikuwa akisema iko siku nitakishuku kivuli changu. Lakini kazi yenyewe ya ufundi baiskeli ndiyo iliyonifanya hivi, maana kila anayeniletea baiskeli anaapa kuwa imeharibika yenyewe, imeegeshwa tu ukutani.

Juzi Athumani, mume wa mdogo wangu Zaina, alikuja karakanani kwangu Kariakoo. Athumani ni kuli bandarini. Alikuwa na gurudumu amelifunga kwenye gunia, akasema amelinunua kwa mtu kule Gerezani, limekwishatumika, anataka nilitie friwili, ile gia ya meno inayoshika cheni. Nikamuuliza mtu gani. Mtu tu, shemeji. Nikamuuliza baiskeli yenyewe iko wapi, maana sijamwona na baiskeli toka amwoe dada yangu. Akasema itakuja. Hakuniangalia usoni, akaondoka haraka.

Nikaona hapa pana jambo.

Jana nikalishika. Friwili ikakataa. Nikatia ya Kichina, ikakataa. Nikatia ya Kihindi, nikaenda kuazima ya Kiingereza kwa jirani, zote zinagusa, zinang'ata kidogo, basi. Friwili hizi zote huvaana na habu yoyote, kile kitovu cha gurudumu, hapa mjini, sijaona vingine miaka yote. Nikadhani hesi zimeliwa, yaani ile mikunjo ya chuma inayozunguka habu ili gia ijisokote hapo. Nikazisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka zikang'aa. Zilikuwa nzima kabisa.

Ndipo nilipoinama nikaziangalia vizuri. Zimekatwa kinyume. Zinapanda kuelekea kushoto. Gia ya gurudumu hili unaikaza kule ambako nyingine zote unalegeza.

Kitu cha namna hiyo sijawahi kukishika, na kwa mtu kama mimi hilo lilitosha. Nikasema hiki si cha nchi hii. Hiki kimeshushwa kwenye meli, kilikuwa kinakwenda Zambia au wapi huko, kikaishia kwenye gunia la Athumani. Mara nikaanza kukumbuka mengine. Zaina na mumewe wanaishi wawili tu, lakini ameonekana mara mbili kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, wiki hii hii. Jumapili nilipokwenda kumjulia hali, nyumba ya tatu tu toka kwangu hapa Ilala, alinipokea barazani, chai akaniletea hapo hapo, na mlango akaurudishia nyuma yake. Mimi, ndugu yake wa tumbo moja. Nikasikia kitu kinagongwa chumba cha uani. Nikauliza, akasema panya.

Panya hagongi namna ile. Nikajua wameficha mali ya magendo.

Siku hizi ukikutwa na kitu usichoweza kueleza kimetoka wapi, unaitwa mlanguzi kabla hujafungua mdomo. Karakana yangu ndiyo inayonilisha. Usiku sikulala vizuri. Leo asubuhi, kabla hata ya kufungua kazi, nikapita kwa balozi wetu wa nyumba kumi nikamwambia yote: gurudumu, unga, chumba cha uani. Balozi akanipa mkono, akasema nimefanya kazi ya mwananchi. Kesho asubuhi atakwenda na mgambo kupekua, na mimi niwepo.

Nilitoka pale nimepata amani. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mchana mvua ilizidi, hakuna mteja. Gurudumu lilikuwa mbele yangu, nikalichukua tena, sasa bila hofu, kwa udadisi tu. Na nilipolitazama bila hofu nikaona nilichotakiwa kukiona toka jana. Rimu limechakaa. Spoku tatu zimewahi kubadilishwa. Kwenye habu pamezungushiwa ukanda wa ngozi wa kufuta vumbi, na ule ukanda umeshonwa kwa uzi wa nta, mshono mdogo mdogo, safi sana. Meli gani hiyo inayoshusha mali iliyochakaa na kushonewa ngozi?

Nikajiuliza swali ambalo fundi yeyote angeanza nalo. Mtu akate hesi kinyume kwa faida gani? Gia hukazwa na cheni yenyewe kadiri unavyoendesha. Cheni ikiwa kulia, hesi za kawaida zinajikaza. Ukiihamishia cheni kushoto, hesi zile zile zitafunguka njiani, gia ikuangukie. Kwa hiyo hili limetengenezwa kwa chombo chenye cheni kushoto.

Nikasimama mlangoni nikaanza kuzitazama baiskeli zinazopita kwenye mvua. Muuza maziwa, cheni kulia. Tarishi, kulia. Yule wa mkaa, kulia. Nikaona aibu kusimama pale nachungulia miguu ya watu.

Halafu macho yakaenda ng'ambo ya barabara, kwenye ile kona chini ya baraza ambako hapakuwa na mtu.

Pale hukaa Mzee Chande, mshona viatu. Miguu yake haifanyi kazi toka utotoni. Hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, pedali ziko kifuani, cheni inashuka hadi gurudumu la mbele. Nimemwona akipita kila siku, na hajawahi kunipa hata nati niikaze, kila kitu anajifungia mwenyewe. Cheni yake iko kushoto. Nilikuwa naiona na siioni.

Na kona ile iko tupu toka mgambo walipopita kukusanya wasio na vitambulisho vya kazi. Washona viatu wenzake wote walipakiwa kwenye lori, wakapelekwa vijijini wakalime. Mimi nilidhani na yeye alichukuliwa. Kusema kweli, sikudhani chochote. Sikuuliza.

Nikafunga karakana nikaenda kwa Zaina. Safari hii sikungoja barazani, nikasukuma mlango nikapita hadi uani. Mzee Chande alikuwa chini, kwenye mkeka, anagongea kisigino cha kiatu cha dada yangu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akatabasamu, akaniuliza swali moja tu.

"Fundi, gurudumu langu limekubali?"

Zaina alisimama mlangoni amekauka. Athumani alikuwepo, bandarini hapakuwa na kazi kwa sababu ya mvua. Alinieleza polepole. Gia ya mzee ilivunjika meno siku ile ile ya msako, akasukumwa hadi hapa na dada yangu gizani. Ana binti yake Kigamboni mwenye shamba dogo, angekwenda kukaa huko mpaka mambo yapoe. Kilichokuwa kinangojewa ni gurudumu, maana kwa mgongo habebeki, ni mtu wa mwili. Nikamuuliza Athumani kwa nini hakuniambia ukweli juzi.

"Shemeji, wewe ungeuliza sana," akasema. "Na ukishauliza, huwa husikii jibu."

Nilirudi karakana. Nilichukua gurudumu nikakimbia nalo Gerezani kwa fundi wa kuchomelea. Hesi za kushoto sitazipata mji huu, kwa hiyo tulichukua gia ya kawaida, tukaitanua tundu, tukaivika kwenye habu na kuichomelea moja kwa moja. Haitatoka tena, iwe kulia iwe kushoto. Alasiri lilikuwa limerudi mahali pake na mzee amekalia kiti chake, gunia begani kujikinga na mvua.

Niliwaambia waondoke leo leo. Nilisema nimesikia kesho kuna upekuzi mtaani kwetu. Athumani hakuuliza, akaanza kufunga mzigo. Zaina ndiye aliyenitazama.

"Kaka, umesikia kwa nani?"

Nikasema kwa watu. Akaenda kumfungia mzee chakula. Mzee Chande alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ina nguvu ajabu, akaniombea dua. Aliomba Mungu anikinge na watu wachongezi. Nikaitikia amina.

Niliwasindikiza hadi Kivukoni. Nimeiona pantoni ikiondoka nao, Athumani ameshika kiti kwa nyuma, mzee amejifunika gunia hadi kichwani. Wamevuka salama, hilo nashukuru, tena nashukuru sana. Kesho balozi atafungua chumba cha uani atakuta mkeka na misumari ya viatu, basi.

Lakini atagonga kwanza. Zaina atafungua, na mimi nitakuwa nimesimama pale pale pembeni ya balozi, kama alivyoniagiza. Nisipokwenda, balozi atanitaja kwa jina, maana haoni sababu ya kunificha. Kwake mimi ni mwananchi mwema.

Nimekuwa nikiandika haya huku nikisikia Zaina anafagia uani kwake, nyumba ya tatu toka hapa. Hajalala. Naweza kwenda sasa hivi nikamwambia kwa mdomo wangu kabla hajaambiwa na mwingine. Ni mwendo wa kupita milango miwili tu.

Nakwenda. Nikigonga na mlango usifunguliwe, nitakaa barazani pake mpaka kuche.