Kitani Hakichanui Usiku

Malindi, Jumapili asubuhi, Agosti 1985

Manyunyu yamekatika alfajiri na kijua kinaanza kuchomoza. Ni siku nzuri ya kukaa barazani. Mimi nimejifungia chumbani kwa aibu.

Jana usiku mdogo wangu Rukia, bibi harusi wetu, alipambwa. Kwa miezi nilikuwa nikimuahidi kwamba kichwani hatavaa asmini, atavaa maua ya buluu ambayo Malindi hayajapata kuonekana. Ni maua ya kitani, ule mmea unaofumiwa shuka za bei. Mbegu nilipewa na kaka, naye alipewa na mgeni katika hoteli ya Bofa anakofanya kazi. Nikazipanda nyuma ya nyumba, kwenye kijibustani changu cha maua ya kukata, kati ya mawaridi na mirehani, na nikajisifu hadi watu wakachoka kunisikia.

Mwanaisha, mke wa kaka, alikuja jana asubuhi kuyatazama. Yalikuwa yamechanua tele. Akasema mashaallah, kisha akaniuliza kwa upole, "Wifi, asmini yangu imejaa matumba. Nikuchumie, yawe akiba?"

"Usijisumbue, wifi," nikamwambia. "Asmini kila kichwa kimevaa."

Akaenda akawapa majirani matumba yake.

Nilijua kwamba kitani hupukutika adhuhuri. Lakini sisi tuliolelewa na asmini tumezoea hivi: tumba huchumwa alasiri likiwa limefumba, hutungwa uzini, hufungwa kwenye kitambaa kibichi, na usiku hujifungua lenyewe kichwani mwa bibi harusi. Sikuwaza kwamba kuna ua lisilojua desturi hiyo. Alasiri nikachuma vitumba ambavyo havijachanua, nikatunga, nikafunga.

Baada ya isha nikafungua kitambaa mbele ya wanawake wote. Vitumba vya kijani, vimefumba kama punje za choroko. Rukia ameshakaa kitini, dhahabu masikioni, kichwa kitupu, ananitazama.

Hapo ndipo nilipofanya jambo linaloniumiza.

"Yamepatwa na jicho," nikasema.

Shangazi akauliza, "Nani aliyeingia bustanini?"

Ningeweza kunyamaza. Nikajibu, "Mwanaisha tu."

Minong'ono ikaanza: kwamba yeye mwenyewe aliolewa kimya kimya kwao Gongoni, hakupambwa, ndiyo maana roho imemuuma. Nilisikia na sikukanusha. Wala sikuamini lile neno la jicho, hata wakati nalitamka. Nilitaka tu wasinitazame mimi.

Mwanaisha alikuwa ameshika sinia la halua. Akaliweka chini taratibu. "Haya, wifi," akasema, akavaa buibui lake akatoka. Rukia akapambwa kwa maua ya plastiki tuliyoyatoa kwenye kabati la vyombo. Niliyafuta vumbi kwa leso yangu, nikiona haya kumtazama usoni.

Leo baada ya swala nimekwenda kumwaga maji ya jagi nililotia mabua yaliyobaki na vitumba vyake. Yamechanua. Yote, buluu tupu. Hakuna jicho lolote lililoyapata, yalikuwa yakingoja asubuhi, basi.

Sasa hivi wanawake wamekusanyika tena kwa Rukia kunywa chai. Naweza kuyatupa haya maua na hakuna atakayejua. Ikifika adhuhuri hata ua la kuwaonyesha halitakuwapo, na Mwanaisha ataitwa hasidi hadi uzeeni.

Naandika nikijidanganya kwamba napanga maneno. Maneno yenyewe ni machache: kosa ni langu, si lake. Niyaseme mbele ya shangazi, jagi mkononi, kisha niende kwa Mwanaisha. Sijui kama atanifungulia mlango.

Petali moja imeangukia karatasini.

Navaa buibui.